PhD peke yake haimtengenezi mwalimu wa chuo kikuu

Wakuu, mleta mada ameuliza kwa nini wanafunzi bado wanafundishwa kwa madesa, yaani notisi za kurithishana, ya miaka kumi iliyopita, ilhali kila mwaka wahadhiri wanapelekwa kusomea PhD na fedha zinaingia vyuoni. Mimi ni mhadhiri wa takwimu katika chuo kikuu cha umma, nilianzia chini kabisa kama mkufunzi msaidizi. Nijibu kwa niliyoyapitia.

Tuanze na mlango wa kuingilia. Hapa Tanzania, ili uajiriwe kufundisha chuo kikuu, kwa kawaida unatakiwa uwe na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza, na ukiingia kwa uzamili, 4.0 ya uzamili pia. Mimi nilikuwa nayo. Hakuna aliyetaka kujua kama naweza kumweleza mtu jambo akalielewa. Niliripoti kazini Ijumaa, Jumatatu nikakabidhiwa kozi ya wanafunzi zaidi ya 300 pamoja na slaidi za mwenzetu aliyekuwa amekwenda masomoni. Nikazisoma moja baada ya nyingine mpaka muda ukaisha, macho ukutani.

Kipindi cha tatu nikamwona profesa mmoja wa idara yetu, mzee aliyekaribia kustaafu, amekaa safu ya nyuma katikati ya wanafunzi na daftari mkononi. Mwili uliniisha nguvu. Tulipomaliza akaniita ofisini kwake, akanimiminia chai, akafungua lile daftari. Kushoto aliandika saa, kulia aliandika kilichotokea. "4:10, ameuliza swali, amejibu mwenyewe." "4:25, binti wa safu ya tano amenyoosha mkono, hakuonekana." Akaniambia, "Mwanangu, ukiuliza swali nyamaza. Hesabu mpaka kumi moyoni."

Wiki iliyofuata niliuliza kwa nini wastani wa kipato cha kijiji unaweza kutudanganya. Kimya. Nilipofika saba, kijana mmoja akasema, "Mwalimu, kama mwenye mashine ya kusaga naye amehesabiwa." Darasa zima likaamka, mwingine akadakia kwamba bora tumtafute yule wa katikati. Somo la wastani na thamani ya kati (median) likajifundisha lenyewe. Mzee alikuja hivyo kila baada ya wiki mbili, mihula miwili mizima. Hakulipwa, na hakuna fomu yoyote iliyokuwa na nafasi ya kuandika kazi ile.

PhD yangu nayo ilichukua miaka sita, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa kusubiri. Msimamizi alikuwa na wanafunzi wengi kupita uwezo wake, sura yangu ya pili ikakaa mezani kwake miezi minane. Kwenye karatasi nilikuwa masomoni, lakini idara haikuwa na mtu mwingine, kwa hiyo nilifundisha kozi tatu na kusahihisha mamia ya vijitabu vya mitihani. Rafiki yangu alisoma kwa ule mpango wa ushirikiano na vyuo vya Sweden, miezi kadhaa huko, miezi kadhaa nyumbani, na wasimamizi pande zote mbili. Kila alipokwenda kule alikuwa na meza yake, semina za kila wiki, na watu waliosoma rasimu zake wakazikosoa usoni kwake. Akili zetu hazikupishana. Yeye alipewa muda na watu wa kumsoma.

Kenya nao tume yao ya vyuo vikuu iliweka ukomo kwamba wahadhiri wote wawe na PhD. Ukomo ulifika na wengi walikuwa hawajamaliza, kwa sababu agizo halizalishi wasimamizi.

Halafu kuna kupanda cheo. Kutoka mhadhiri kwenda mwandamizi, kinachoamua hasa ni makala zako kwenye majarida. Kijana mwenye watoto na mkopo atatumia usiku wake wapi, kwenye makala au kwenye kuandaa somo upya? Madesa yanayomuudhi mleta mada yanazaliwa hapo, na simlaumu huyo kijana hata kidogo.

Mwaka 2021 ulipitishwa mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Majengo yanahitajika, maabara zinahitajika, na kusomesha wahadhiri kumo ndani yake, nashukuru. Ila ningekuwa na sauti, ningeomba anayesoma PhD apunguziwe vipindi kwelikweli, siyo kwenye barua tu. Na mzee anayekaa nyuma ya darasa la kijana ahesabiwe saa zile kama kazi, zimsaidie hata kupanda cheo.

Yule profesa alishastaafu. Muhula huu nina vijana wawili ninaokwenda kukaa nyuma ya madarasa yao, na daftari kama lake. Nimemwandikia mkuu wa idara nikiomba saa hizo ziingizwe kwenye mgawanyo wa kazi. Amesema atalipeleka kwenye kikao cha mwezi ujao.