Mchango ulirudi bila daftari

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama wazazi warudi kulipa mchango katika shule za msingi za serikali ili zipate nafuu. Mimi nasema hapana, na nilikuwa mshika pesa wa komite ya wazazi katika shule moja hapa Katuba, Lubumbashi, mpaka masomo ya bure yalipoanza Septemba 2019.

Nayakumbuka yale. Bendera ikishapandishwa, direkta, mkuu wa shule, anasoma orodha ya wasiolipa, watoto wanageuka na mabegi yao kurudi nyumbani. Penye watoto watatu na pesa ya wawili, aliyebaki kufagia ua alikuwa msichana. Na Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 43, ilikwisha kusema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure! Miaka 13 tulitozwa kinyume cha sheria.

Lakini nisiwafiche, mchango ulipoondoka uliondoka na daftari. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nalifungua mbele ya wazazi: chaki, kufuli, primu ya walimu, yaani nyongeza tuliyowalipa sisi wazazi. Mama mmoja muuza maandazi aliwahi kuniuliza mbona boksi mbili za chaki zimeisha kwa siku nane. Nilitokwa jasho. Leo nani anauliza? Pesa ya uendeshaji inatoka kwa serikali kuu, Kinshasa. Ikifika imefika, isipofika direkta anakata chaki vipande vitatu. Mwezi uliopita nilihesabu watoto 94 katika darasa la pili. Mwalimu wao hana matrikule, ile namba ya kuandikishwa na serikali, kwa hiyo hana mshahara. Anaishi kwa kile wanachoita mchango wa hiari. Hiari gani, kama usipotoa mwanao anaulizwa mbele ya wenzake? Basi mnachouliza kama kirudi kimesharudi zamani, ila safari hii hakiandikwi popote.

Pesa ipo. Malori ya shaba na kobalti yanapita hapa usiku na mchana kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrahaba, yaani pesa ambayo makampuni hulipa kwa madini wanayochimba: asilimia 50 Kinshasa, 25 jimbo, 15 mahali panapochimbwa, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Katuba hatuna mgodi, hiyo 15 tuwaachie wenye vumbi lao. Ile 25 ni ya jimbo letu zima la Haut-Katanga, nasi tumo. Madawati na mabati yatoke humo, mishahara itoke Kinshasa, na matrikule pia. Kila kinachoingia kibandikwe mlangoni pa direkta, kwa Kiswahili, maana yule mama wa maandazi bado ana wajukuu pale na macho yake bado mazima.

Mjukuu wangu naye yuko darasa hilohilo la watoto 94. Asubuhi anabeba kigoda chake kichwani, saa sita anarudi nacho. Alikiacha siku moja tu, kesho yake akakikuta kimekaliwa na mtoto mwingine, na jina limeshakwanguliwa.

Baba wa watoto watano, Katuba