Musika (mrithi wa kimila) si mwenye mali: familia ijifunze kukaa kikao mzazi akiwa hai

Msomaji wa huko Masaka, Uganda, ameniandikia. Baba yao amefariki, ameacha ekari tano za kahawa, watoto ni watano, na kila mmoja anataka ekari yake apewe mkononi. Anauliza kama waite mpima ardhi.

Hapana, msimwite. Kahawa ya robusta hupandwa futi kumi kwa kumi, kwa hiyo ekari moja huchukua miti 450 hivi, na shamba zima lina miti kama 2,250. Mti ukizeeka hukatwa kisiki uchipue upya, na hukaa karibu miaka miwili kabla ya kuzaa tena vizuri. Mwenye ekari tano hukata visiki ekari moja kila mwaka, huku nne zikiendelea kulipa ada za shule. Mwenye ekari moja akikata zote hana cha kula. Asipokata, mavuno yanapungua mwaka hadi mwaka mpaka dalali wa viwanja anabisha hodi. Kuuza nako ni vivyo hivyo. Magunia mawili ya kiboko, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, hayalipi gari la kwenda kiwandani, basi unamuuzia mchuuzi wa boda kwa bei yake. Gari likijaa, mnakoboa wenyewe na kuuza kase, yaani kahawa iliyokobolewa. Kumbukeni tu kwamba kilo mbili za kiboko hutoa kase kilo moja hivi, ili asiwepo ndugu wa kudai kilo zimeibwa njiani.

Watu wazima watano ambao hawajawahi kuamua hata bei ya jembe pamoja hawawezi kuanza kuamua mambo ya shamba wiki mbili baada ya mazishi. Hapo ndipo mali nyingi za Uganda zinapofia. Wazazi wanajenga, wanapanda, wananunua, lakini hawawafundishi watoto kukaa meza moja wakizungumza fedha bila kutukanana.

Kikao cha familia kiwe mara mbili kwa mwaka. Wengi huchagua tarehe 26 Desemba kwa kuwa kila mtu yuko kijijini. Siku mbaya hiyo: pombe ipo, wageni wapo, na kila mtu anajiona tajiri mpaka shule zifunguliwe. Likizo ya muhula wa pili inafaa zaidi, kwa sababu upande wa Masaka mavuno makubwa yamekwisha kuuzwa na hesabu mnaishika mkononi. Saa mbili zinatosha. Kwanza yasomwe maamuzi ya kikao kilichopita na nani hakutekeleza lake. Kisha mapato na matumizi, kisha kazi za msimu ujao, na maombi ya fedha yawe ya mwisho. Mkianza na maombi hamfiki kwenye hesabu.

Mwandishi asiwe mtunza fedha. Daftari liwe gumu, la kurasa zenye namba, na watu watatu watie saini mwisho wa kikao. Fedha zikae benki au SACCO, kwenye akaunti yenye watia saini watatu na wawili kati yao watosha kutoa. Fedha za familia kukaa kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mcha Mungu kiasi gani, ni kumtafutia dhambi. Mgawanyo mpatane wenyewe. Mimi napendelea asilimia 40 irudi shambani, 30 ada, 10 dharura, na 20 tu ndiyo igawanywe. Inayorudi shambani itoke kwanza, la sivyo haitatoka.

Sasa sheria, maana hapa watu hudanganyana sana. Siku ya kuondoa matanga musika anavishwa lubugo, nguo ya gome la mti, anapewa mkuki, na kesho yake anaanza kuuza. Kwa Sheria ya Mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022, marehemu asiyeacha wosia, musika hupata asilimia 1. Watoto na wajukuu ni 75, mjane au mgane 20, wategemezi wengine 4, na nyumba kuu ya familia haigawanywi kama mbuzi wa sikukuu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni mtoto kama wengine. Mzee, kama unaye, mlete kikaoni ukiwa hai, uvumilie hiyo aibu ya siku moja. Akija mwenyewe kwenye matanga ataleta na wakili.

Wake na waume wa watoto wenu nao waingie, wasikilize hata kama hawapigi kura. Ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ardhi inasema hivyo. Sioni maana ya kumficha mtu ambaye saini yake mtaihitaji.

Wosia uandikwe na mashahidi wawili wasiorithi chochote. Utaje wazi kipi ni mailo, ardhi ya kumiliki yenye hati, na kipi ni kibanja, haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mwingine, maana watoto wa mjini hudhani vyote ni kimoja.

Kama mali imekuwa kubwa, sajilini kampuni ya familia URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni, na mgawane hisa badala ya kugawana udongo. Kuhamisha hati kunalipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani, na kila mwaka kampuni lazima ipeleke taarifa zake. Familia nyingi husajili kwa shangwe, zikasahau hizo taarifa mpaka kampuni ikafutwa.

Watoto waanze mapema. Wa miaka kumi na miwili asome hesabu kwa sauti kikaoni, wa kumi na sita asindikize magunia na kurudi na risiti, wa kumi na minane apige kura. Aliye kwenye kyeyo, kazi za ughaibuni, huko Dubai ana kura moja kama yule anayepalilia. Akitaka kutuma fedha za shamba, iandikwe daftarini kabla hajatuma kama ni mkopo au zawadi. Ikiwa mkopo, tarehe ya kurudishwa iandikwe hapo hapo.