Kwa Mwanafunzi Anayeanza Kusoma Mistari na Mwinamo Wake

Nimewasaidia wanafunzi wa sekondari hapa Kisumu katika somo la hesabu kwa likizo nyingi, na kila anapoketi mezani mwanafunzi mgeni katika mada hii, ninamwomba asiguse fomula yoyote kabla hajachora. Mchoro wenyewe hauhitaji vipimo kamili. Mihimili miwili iliyochorwa kwa mkono, nukta mbili zilizowekwa karibu na mahali pake, na mstari wa kuziunganisha vinatosha kumwonyesha kama mstari huo unapanda au unashuka akiutazama kutoka kushoto kwenda kulia. Ukipanda, mwinamo wake, ambao wengi huuita gradienti, ni chanya. Ukishuka, ni hasi. Alama hiyo na iandikwe pembeni mwa karatasi kabla ya hesabu kuanza, kwa sababu ndiyo itakayomwambia baadaye kama amepotea.

Chukua nukta A(-2, 7) na B(4, -5). Mchoro unaonyesha mstari unaoshuka, na kwa haraka. Badiliko la y ni -5 - 7, yaani -12, na badiliko la x ni 4 - (-2), yaani 6, hivyo mwinamo, yaani badiliko la y likigawanywa kwa badiliko la x, ni -2. Hapa ndipo wengi huanguka, nami nilianguka papo hapo nilipokuwa mwanafunzi: nikaandika 4 - 2, nikapata mwinamo wa -6, na kazi yote iliyofuata ikaharibika ingawa kila hatua yake ilikuwa sahihi. Tangu hapo huiweka kila namba hasi ndani ya mabano. Kosa la pili linalofanana na hilo ni kuanza na B juu, kwenye y, na kuanza na A chini, kwenye x. Anza na nukta yoyote upendayo, lakini mpangilio uwe mmoja juu na chini.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nukta mbili zinatosha, na swali lake ni zuri kuliko maswali mengi ya mtihani. Anayetoka Mamboleo kuelekea Kakamega hupanda kilima cha Riat, na anajua kwamba barabara ile ni kali mahali fulani na nafuu mahali pengine, kwa hiyo mwinamo wake hutegemea umesimama wapi. Mstari mnyoofu hauna tabia hiyo. Popote utakapochagua nukta mbili juu yake, uwiano wa kupanda kwa mwendo wa mlalo ni uleule, na mlinganyo wa mstari hautamki jambo jingine ila hilo. Kwa mstari wetu, nukta yoyote (x, y) iliyo juu yake lazima itimize y - 7 = -2(x + 2), na tukirahisisha tunapata y = -2x + 3. Tumia B kuthibitisha: -2 × 4 + 3 ni -5.

Mlinganyo ukija kama 3x + 2y = 12, usiseme mwinamo ni 3. Ibakishe y peke yake kwanza, nawe utaona kwamba ni -3/2.

Kuhusu mistari inayokutana kwa pembe mraba, usikariri tu kwamba zao la miinamo yao, yaani jibu la kuizidisha, ni -1. Chora pembetatu ya mstari wetu, inayoshuka 2 kwa kila 1 ya mlalo, kisha uigeuze karatasi kwa nyuzi 90: sasa inapanda 1 kwa kila 2 ya mlalo, na mwinamo umekuwa 1/2. Kwa hiyo ukiulizwa mlinganyo wa mstari unaoigawa AB katikati kwa pembe mraba, tafuta nukta ya katikati, ambayo ni (1, 1), uandike y - 1 = ½(x - 1), na jibu ni 2y = x + 1. Mstari wa wima, kama x = 4, haumo katika kanuni hiyo ya zao, kwa kuwa badiliko lake la x ni sifuri na hakuna kugawanya kwa sifuri; mwenzake wa pembe mraba ni mstari wowote wa mlalo, na mchoro utakuonyesha hivyo bila hesabu yoyote.