Tandiko bila fremu kwa farasi mwenye kinundu kirefu: maswali yenu na majibu yangu

Safari hii karibu maswali yote yamekuja ya kitu kimoja, tandiko la dresaji (mchezo wa kumwendesha farasi kwa mienendo ya mpangilio) lisilo na fremu, yaani kile kiunzi kigumu cha ndani, kwa farasi mwenye kinundu kirefu. Kinundu nnachosema mimi ni pale shingo inapoishia, ule mfupa uliosimama katikati ya mabega mawili, maana najua kila mtu analo jina lake. Haya twende.

SWALI: Nina farasi wa aina ya Thoroughbred, kinundu chake kimechongoka hasa. Nimeambiwa tandiko bila fremu linamkaa farasi yeyote kwasababu ni laini. Kweli?

Hapana, na aliyekwambia pengine alikuwa anauza. Kitu laini kinafuata umbo la kilicho chini yake, sasa kama kilicho chini kimechongoka tandiko litakaa juu ya ncha kama shuka iliyoanikwa kwenye kamba, alafu wewe unakuja kukaa juu ya hiyo shuka. Fremu ina kazi mbili, kuunyanyua uzito wako usiguse uti wa mgongo, na kuusambaza kwenye misuli ya pande mbili. Ukiitoa fremu zile kazi bado zipo palepale, lazima kitu kingine kizifanye, na kwenye matandiko haya ni upinde wa mbele, ile sehemu ngumu inayopita juu ya kinundu, pamoja na pedi inayowekwa chini ya tandiko. Kama muuzaji hakuzungumzia pedi kabisa, achana nae.

Na kinundu sio mahali pa kujaribia bahati. Ile ni miiba ya mifupa inayotoka kwenye pingili za uti, juu yake hamna nyama ya maana, ni kano na ngozi basi. Pakichubuka mara kwa mara jeraha linaweza kuingia ndani na likishafika huko kupona kwake ni kazi ya miezi.

SWALI: Nitajuaje kama linagusa? Nikiliweka naona nafasi ipo.

Tandiko tupu linadanganya. Nafasi unayoiona farasi amesimama na hakuna mtu juu haina maana yoyote, inabidi upande, uzunguke hata dakika 20, pedi ishinikizwe na uzito wako ipate joto, ndo mtu mwingine aje apitishe vidole. Viwili vipite juu ya kinundu bila kulazimisha, na vipite PEMBENI pia, hapo wengi wanasahau, maana farasi wa namna hii anaweza kuwa na nafasi nzuri juu huku ubavuni mwa kinundu anabanwa kama koleo.

Kingine mi napenda kitambaa cheupe cha pamba chini ya pedi, umpande kama kawaida atoke jasho kisha ukitoe ukitandaze. Unataka kuona michirizi miwili ya uchafu na katikati njia safi kutoka mbele mpaka nyuma. Ukikuta doa katikati, hata dogo, linagusa, usijibishane nalo. Na usisubiri nywele nyeupe ndo ujue kuna shida, zile zinaota baada ya ngozi kuumia, kwahiyo zinakupa habari za zamani, wakati mwingine hata za mwenye farasi wa kabla yako. Farasi mwenyewe anasema mapema zaidi, anageuka kukung'ata ukifunga mkanda wa tumbo, hatua za mbele zinafupika, au ukimgusa pale baada ya kushuka ananywea.

SWALI: Nichague upinde wa mbele mwembamba kwasababu kinundu ni kirefu?

Urefu na upana ni vitu viwili, watu wanavichanganya sana. Yapo matandiko, Barefoot ya Ujerumani kwa mfano, ambayo unabadilisha upinde wa mbele kwa upana, ni jambo zuri kweli, ila upana sahihi unatoka kwenye mabega ya farasi na sio kwenye kimo cha kinundu. Ukibana ili kuinua umempa farasi tatizo jipya, mfupa wa bega unarudi nyuma kila anaponyoosha mguu na unakwenda kugonga upinde.

Alafu kuna jambo ambalo nililichelewa hata mimi. Angalia kinundu kinaishia wapi. Farasi wengine kinapanda na kushuka haraka, hao upinde mzuri wa mbele unawatosha. Wengine kinashuka taratibu kinaendelea nyuma hadi chini ya mapaja yako, sasa upinde umeinua mbele vizuri na vidole vinaingia na umefurahi, kumbe makalio yako yamekalia mkia wa kinundu ambako hakuna upinde wowote. Nilimpandisha jike wangu hivyo msimu mzima nikidhani ni mvivu. Pitisha mkono wako kutoka mbele uingie chini ya kiti mpaka unapofika, usiishie mlangoni.

SWALI: Pedi nene ya sponji inatosha?

Inategemea nene wapi. Pedi ya unene mmoja iliyopita juu kwa juu haisaidii kitu, inagusa uti kama tandiko, tofauti ni kwamba inagusa kilaini. Unataka vipande viwili kushoto na kulia na mfereji katikati, wa sponji ngumu au feliti. Sponji ukiibana kwa vidole viwili ikalala kabisa ujue chini ya uzito wako ni kama haipo. Zile zenye mifuko ya kubadilishia vipande ndo nazipendekeza, unaweza kujazia kidogo pale nyuma ya bega palipobonyea.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzito kidogo na napenda sana troti ya kukaa, farasi anakwenda mchakamchaka nami nimekaa tu bila kuinuka kitini. Tandiko hili linanifaa?

Marahaba. Nitakwambia ukweli, hapa ndipo nnapositasita zaidi. Mwaka 2012 Hilary Clayton na wenzake walichapisha utafiti wakilinganisha tandiko la kawaida na lisilo na fremu kwenye troti ya kukaa hiyohiyo, na la kawaida ndo lilisambaza uzito kwenye eneo kubwa zaidi, lile lingine mgandamizo ulijikusanya sehemu chache. Ongeza na vikuku, vile vya kukanyagia miguu, maana kwenye baadhi ya matandiko haya mkanda wa vikuku unapita juu ya mgongo na ukisimamia vikuku unauvuta chini kwenye mstari mmoja. Kwa mtu mwepesi anayetoka nusu saa sikatazi. Kwako wewe na kinundu kirefu, kila siku, ningetafuta fundi wa matandiko anitengenezee la fremu linalomkaa.

SWALI: Linazunguka nikipanda.

Tumia kigoda cha kupandia, siku zote. Usikaze mkanda wa tumbo mpaka farasi ashindwe kupumua. Kama linazunguka hata ukiwa juu, angalia kama unakaa upande mmoja, maana kwenye fremu kosa hilo linafichika na huku halifichiki.

SWALI: Mashindanoni wanaruhusu?

Soma kanuni za chama chako kabla hujalipa. Za Marekani, kifungu DR121 cha USEF (shirikisho lao la michezo ya farasi), zinakubali tandiko la Kiingereza lenye fremu au lisilo nayo, mradi lisiwe na pembe mbele.

SWALI: Farasi wangu amefika miaka 22 na kinundu kimezidi kurefuka. Ninunue lipi?

Kinundu hakirefuki uzeeni, ni misuli ya pembeni imeyeyuka ndo mfupa umebaki wazi. Kwahiyo kwanza daktari wa mifugo, aangalie meno, chakula na homoni, kisha mazoezi ya kutembea bila mtu juu, miezi kadhaa. Tandiko utakalompima leo litakuwa dogo misuli ikirudi, na akiendelea kukonda litakuwa pana, sasa hela ya nini? Mwache mgongo wazi kwanza.