Funguo za kutolea redio ya gari, jitengenezee

Ndugu mwenye gari la zamani aina ya Volkswagen Golf, kama uso wa redio una matundu mawili madogo kila upande, usichokoe na bisibisi. Utavunja plastiki bure. Chukua hanga ya chuma, ile nene, ukate vipande viwili. Kila kimoja ukikunje kwa plaizi kiwe kama herufi U, miguu ilingane na umbali wa matundu, kisha sugua ncha kwa msasa. Hapa Kondele, Kisumu, nilijaribu kwanza spoki ya baiskeli, ikapinda kabla klipu inayoshika redio haijaachia.

Sukuma funguo zote mbili ndani ya matundu hadi usikie "tki". Hapo ndipo wengi hukosea: wanavuta moja kwa moja. Zitanue kidogo kuelekea nje, kushoto na kulia, huku ukivuta taratibu. Redio itateleza yenyewe. Chomoa soketi za nyuma na waya wa antena kwa mkono, usivute nyaya.

Tafadhali, kabla ya kugusa chochote, tafuta namba ya siri ya redio. Nyingi za aina hiyo hujifunga zikikosa umeme. Ukishaipata, ndipo ufungue nati ya hasi kwenye betri.