Maswali na Majibu ya Kemia: Namba Zinazotoka Ndani ya Atomu

Maswali manne ya safari hii yametoka Iringa, Makambako, Tukuyu na Vwawa. Yote yanahusu namba ambazo wanafunzi huzikariri bila kuuliza zilipatikanaje.

Shikamoo Mwalimu. Tulipewa nishati za uionishaji (za kuing'oa elektroni moja baada ya nyingine kutoka kwenye atomu) za elementi fulani: 578, 1817, 2745 na 11577, zote kwa kilojuli kwa moli, tukaulizwa iko kundi la ngapi. Niliona namba imeruka kwenye nafasi ya nne, nikajibu kundi la nne, nikakosa. – Kidato cha tano, Iringa

Marahaba. Kosa hilo ndilo ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ninaposahihisha madaftari, na aghalabu anayelifanya ni mwanafunzi aliyeuona mruko vizuri kabisa. Namba ya nne ni gharama ya kuing'oa elektroni ambayo haimo tena katika ganda la nje, kwa hiyo unazozihesabu ni zile zilizotoka kabla yake, nazo ni tatu, yaani kundi la tatu. Elementi hiyo ni alumini, yenye mpangilio wa elektroni wa 2, 8, 3 katika maganda yake.

Chukua penseli utoe namba moja kwa nyingine. Utapata 1239, kisha 928, kisha 8832. Mpaka elektroni ya tatu, nishati inapanda kwa sababu protoni 13 ni zilezile ilhali elektroni za kuzivuta zinazidi kupungua. Lakini ya nne inatoka katika ganda la pili, lililo karibu zaidi na kiini na lenye elektroni mbili tu za ndani za kulikinga, na ndiyo maana bei yake inapaa ghafla. Usishangae kwamba tofauti ya kwanza imeizidi ya pili, kwani hapo hakuna kosa la uchapaji: elektroni ya kwanza ya alumini hutoka katika obitali (eneo ambamo elektroni hupatikana) ya p, na mbili zinazofuata hutoka katika obitali ya s iliyo chini yake kidogo kwa nishati.

Mwalimu, oksijeni ina protoni nyingi kuliko nitrojeni. Mbona nishati yake ya kwanza ni 1314 na ya nitrojeni ni 1402? – Makambako

Nitrojeni ina elektroni tatu katika obitali tatu za p, kila moja na obitali yake. Elektroni ya nne ya oksijeni hulazimika kuingia katika obitali yenye mwenzake, na kwa kuwa zote mbili zina chaji hasi, zinasukumana, hivyo moja hutoka kwa nishati ndogo zaidi. Walimu tunapenda mno mfano wa abiria wa daladala wanaokaa kila mtu kiti chake mpaka viti viishe. Unasaidia kukumbuka, ila mwanafunzi anayeandika habari za abiria kwenye mtihani bila kutaja msukumano wa chaji hajaeleza chochote.

Habari za kazi, Mwalimu. Mwanangu anasema klorini ina masi ya 35.5. Hiyo nusu ni ya nini, au protoni hukatwa? – Mzazi, Tukuyu

Njema, mzazi mwenzangu. Hakuna kinachokatwa; hiyo 35.5 ni wastani tu. Kati ya atomu 100 za klorini, takriban 76 zina masi ya 35 na 24 zina masi ya 37. Zote zina protoni 17, na zinachotofautiana ni neutroni.

Tunalijua hilo kwa spektromita ya masi, chombo ambacho Francis Aston alikijenga Uingereza mwaka 1919. Ndani yake gesi hupigwa na elektroni zenye kasi zinazoing'oa elektroni mojawapo ya atomu, ioni inayobaki (yaani chembe yenye chaji) ikasukumwa kwa umeme na kupindishwa na sumaku. Kwa chaji ileile, ioni nyepesi hupinda zaidi ya nzito. Mwambie mwanao akague mchoro wa molekuli za klorini, zenye atomu mbili kila moja: ataona mistari kwenye 70, 72 na 74, kwa uwiano wa 9:6:1. Wa katikati ni wa molekuli zilizochanganya 35 na 37, na ndio ambao wanafunzi wengi husahau kuuchora.

Si kila elementi ina mchanganyiko huo. Niobi, ambayo madini yake yamo katika kilima cha Panda hapa Mbeya, kiasili ina isotopu moja tu, yaani atomu zake zote zina idadi moja ya neutroni, nayo masi yake ni 92.9, karibu kabisa na 93.

Shikamoo Mwalimu. Gesi ya heliamu iliyotangazwa mwaka 2016 kuwa ipo bonde la Rukwa ilifikaje ardhini, na mbona haikuungana na mawe? – Vwawa

Marahaba. Haikuungana kwa sababu elektroni zake mbili zimelijaza ganda lililo karibu kabisa na kiini. Kuing'oa ya kwanza kunahitaji kilojuli 2372 kwa moli, kiwango ambacho hakuna elementi nyingine inayokifikia kwa elektroni yake ya kwanza. Asili yake ni urani na thoriamu zilizomo ndani ya mawe ya kale. Viini vyake vinapovunjika vyenyewe hutoa chembe za alfa, ambazo ni viini vya heliamu vinavyotafuta elektroni mbili tu ili viwe atomu kamili. Kila atomu ya urani-238 inayomaliza safari yake na kuwa risasi-206 huacha atomu nane za heliamu mwambani.