Breaking Bad: ukitaka kubashiri, fuata kitu, achana na maneno ya Walter

Mleta uzi ameuliza mambo mawili. La kwanza, wanaobashiri tamthilia wanapatia vipi mapema hivyo? La pili, ile hoja kwamba Walter White alikufa kwa baridi ndani ya gari kule New Hampshire, na kwamba sehemu ya mwisho yote ni ndoto yake, ina ukweli? Nitajibu yote mawili kwa Breaking Bad yenyewe, ile tamthilia ya Kimarekani ya Walter, mwalimu wa kemia anayegeuka mpishi wa dawa za kulevya, maana ilikuwa inaweka ushahidi wake mezani waziwazi. Kama hujaimaliza, ishia hapa. Huku chini mchele wote umemwagwa.

Njia ni daftari la vitu. Chora safu nne: kitu chenyewe, nani anacho, mara ya mwisho kimeonekana wapi, na nani anajua kwamba kipo. Kila kitu ambacho kamera imekisogelea hadi kikajaa kwenye skrini, bila sababu ya haraka, kinaingia daftarini. Maneno ya wahusika usiyaandike kama ushahidi, na ya Walter hata kidogo. Huyo mtu anamdanganya mke, shemeji, mwenzake wa kazi na mara nyingi anajidanganya mwenyewe. Kitu hakina mdomo wa kudanganya.

Mfano mzuri kuliko yote ni risini, ile sumu inayotoka kwenye mbegu za mnyonyo, hizi hizi zinazokamuliwa mafuta ya nyonyo. Msimu wa 2 Walter na mwenzake Jesse wanaitengeneza wakimlenga Tuco, muuza dawa za kulevya, mpango unaharibika. Msimu wa 4, sehemu ya 7, "Problem Dog", inatengenezwa upya kwa ajili ya Gus, bosi wao wa dawa za kulevya. Safari hii inafichwa ndani ya sigara, na sigara inakaa kwenye pakiti ya Jesse. Sehemu ya 12, "End Times", Jesse anaitwa ofisini kwa Saul, wakili wao, na Huell, mlinzi wa Saul, anampekua kwa fujo. Baadaye, hospitalini, Jesse anafungua pakiti na sigara haimo. Msimu wa 5, sehemu ya 2, "Madrigal", Walter anajaza chumvi kwenye kichupa bandia na kukitega nyumbani kwa Jesse, wakikute ndani ya ile mashine ya kufagia. Sumu halisi anaificha nyuma ya kifuniko cha soketi chumbani kwake. Sehemu ya 8 anaenda nayo kukutana na Lydia, mshirika wake wa biashara, imefichwa chini ya kofia, halafu haitumii kwa sababu Lydia ameleta soko la Jamhuri ya Cheki. Sehemu ya 9, "Blood Money", tunaruka mbele: nyumba imetelekezwa, ukutani pamepuliziwa jina HEISENBERG, lakabu ya Walter kwenye biashara, na Walter mwenye ndevu anarudi kuitoa kwenye soketi.

Sasa tazama daftari lilivyokuwa kabla ya sehemu ya mwisho. Mistari mitatu ilikuwa bado wazi: risini, ile bunduki ya M60 aliyoinunua kwa Lawson, muuza silaha, mwanzoni mwa msimu wa 5, na pipa moja la fedha aliloachiwa na genge la wahalifu la Jack kati ya mapipa 7. Hapo hubahatishi, unauliza kila kitu kinamfaa nani. M60 ni bunduki ya kulishwa risasi kwa mkanda. Haununui hiyo kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hiyo inakwenda kwa kundi, na kundi lililobaki ni la Jack. Risini inafanya kazi polepole na inataka mtu aimeze bila kujua, yaani mtu ambaye unajua atakunywa nini, wapi, saa ngapi. Lydia alikuwa na mkahawa wake, chai yake na sukari yake ya stevia, na Walter mwenyewe anamwambia kwamba walikuwa wakikutana hapo kila Jumanne saa 4 asubuhi.

Wengi wakati ule walisema risini ni ya Gretchen na Elliott, washirika wa zamani wa Walter, kwa sababu sehemu ya 15 inaisha Walter akiwaona kwenye televisheni na kukunja uso. Hapo walifuata uso wakasahau pipa. Mtoto wake alikuwa ameshazikataa fedha kwenye simu muda mfupi kabla ya hapo. Kwa hiyo swali lililobaki ni fedha zitafikaje nyumbani bila jina la Walter, na hao wawili ndio mlango pekee. Akawaachia dola milioni 9.72 juu ya meza yao, na ile mianga myekundu iliyowatua kifuani ilikuwa ya kalamu za leza, mikononi mwa Badger na Skinny Pete, marafiki wa Jesse.

Sasa nije kwa Brock, mtoto wa mpenzi wa Jesse, maana hapa ndipo wengi wanakosea hata wakirudia kuangalia. Kati ya sehemu ya 12 na 13 za msimu wa 4 swali lilikuwa moja: nani amemtilia mtoto sumu, Gus au Walter? Nenda "End Times", pale Walter amekaa kando ya bwawa la nyumbani kwake na bastola mezani. Anaizungusha. Mara ya kwanza mdomo wa bastola unamwelekea yeye. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu unaelekea pembeni, kwenye mmea uliopandwa kwenye chungu. Sitisha hapo. Hakuna anayeutaja ule mmea, wala muziki haukustui. Sehemu inayofuata, "Face Off", Jesse anasema madaktari wamegundua mtoto alikula Lily of the Valley, mmea wa maua wenye sumu, na picha ya mwisho kabisa ya msimu ni chungu kilekile chenye kibandiko cha jina hilo.

Safu ya nne ya daftari ingekufikisha hapo hata bila mmea. Nani alijua kwamba kuna sigara yenye risini? Walter na Jesse. Ili Gus awe mkosaji, lazima kwanza uthibitishe alijua. Jesse mwenyewe aliona hivyo, ndiyo maana alikwenda na kumwekea Walter bastola kichwani. Kisha Walter akaanza kuongea, na maneno yakashinda ushahidi.

Lakini kuna kosa la pili, na hili liliwanasa hata waliomshuku Walter. Waliandika kwamba risini imetumika kwa sababu sigara imepotea. Kitu kuondoka mfukoni na kitu kutumika ni mambo mawili tofauti, kila kimoja kiwe na alama yake daftarini. Risini haina dawa ya kuiondoa mwilini. Brock kupona kwenyewe kulikuwa dalili kubwa kwamba sumu ilikuwa nyingine. Lily of the Valley inashambulia mapigo ya moyo, na daktari akishajua ni nini anaweza kuitibu. Walter alichagua kipimo cha kumtisha Jesse, asimuue mtoto. Ni ukatili wa kupiga hesabu, na ndiyo sababu naona tukio hilo ni baya kuliko mabomu yote ya tamthilia hii.

Jesse anakuja kuunganisha nukta msimu wa 5, sehemu ya 11, "Confessions", Huell alipomchomolea bangi mfukoni. Mbinu ileile, mkono uleule.

Msimu wa 2 unataka uangalifu wa namna nyingine. Sehemu nne zinafunguka kwa picha nyeusi na nyeupe: bwawa, na dubu wa kuchezea wa rangi ya waridi aliyeungua nusu na kupoteza jicho. Baadaye tunaona watu wenye mavazi ya kujikinga, miwani ya Walter kwenye mfuko wa ushahidi, kioo cha gari kilichopasuka, na mifuko miwili ya maiti. Nadharia iliyotawala ilikuwa kwamba nyumba ya Walter italipuka. Ilikosea kwa sababu iliamini mipaka ya kamera: tulionyeshwa ua tu, tukaamini janga limetokea uani. Mara nyingi kipande cha kufungulia kinakuficha upande mmoja, kwa hiyo jiulize ni upande gani hatujaonyeshwa. Hapa ulikuwa juu. Hatuonyeshwi moshi wa mtaani mpaka sehemu ya 13. Na majina ya sehemu hizo nne, ya 1, ya 4, ya 10 na ya 13, ni "Seven Thirty-Seven", "Down", "Over", "ABQ". Yasome mfululizo: Boeing 737 imeanguka juu ya Albuquerque. Aliyeyapanga matatu ya kwanza alikuwa na jibu mkononi wiki tatu kabla.

Kamera yenyewe nayo ina mtego. Mwisho wa msimu wa 3, "Full Measure", Jesse anamnyooshea Gale, mkemia wa Gus, bastola, na bunduki inaonekana kama imesogea kidogo kabla ya mlio. Watu wakabishana mwaka mzima kwamba alimkosa kwa makusudi. Kilichosogea ni kamera. Angalia fremu ya mlango nyuma ya Jesse: kama na mlango unahama, basi aliyehama ni mpiga picha. "Box Cutter", sehemu ya kwanza ya msimu wa 4, ilifunga mjadala, Gale yupo sakafuni.

Tusichanganye hilo na ule usemi kwamba kila kitu kilipangwa toka siku ya kwanza. Vince Gilligan, muundaji wa tamthilia hii, amesema wazi kwamba walipoiweka M60 kwenye buti hawakujua itatumika wapi. Jesse alikuwa afe msimu wa 1. Mike, mtu wa kazi chafu, alizaliwa kwa sababu Bob Odenkirk, anayeigiza Saul, alikuwa na kazi kwingine wakati wa "ABQ", ikabidi Saul amtume mtu mwingine nyumbani kwa Jesse. Wale mapacha wauaji wa msimu wa 3 walikusudiwa kufika mwisho wa msimu, lakini mmoja akafa sehemu ya 7 na mwingine sehemu ya 8. Kwa hiyo nadharia inayosimama juu ya "mwandishi alijua tangu mwanzo" ina msingi dhaifu. Kitu kilichowekwa skrini ni deni ambalo mwandishi lazima alilipe, hata kama siku anakopa hakujua atalipa na nini.

Sasa ile ya kufia garini. Wanaoitetea wana hoja za kueleweka: Walter anaomba afike nyumbani, funguo zinamwangukia kutoka kwenye kizuia jua, polisi wanapita bila kumwona, kisha kila mpango unakwenda bila kukwama. Anaingia nyumba za watu kama kivuli. Nakubali kwamba sehemu hiyo imepigwa picha kwa hisia hiyo.

Inavunjika kwenye sanduku la mbao. Katikati ya "Felina", ile sehemu ya mwisho, tunamwona Jesse, mwanga wa dhahabu, akilichonga na kulipiga msasa sanduku zuri, halafu mnyororo unamvuta na kumrudisha kwenye maabara alikofungwa. Kisa cha lile sanduku Jesse alikisimulia msimu wa 3, "Kafkaesque", kwenye kikundi chake cha kuacha dawa. Walter hakuwepo. Kama yote ni kichwa cha Walter, sanduku limeingiaje? Tena Walter alifika kwa Jack akiamini Jesse ni mbia wao. Alishangaa kumwona na minyororo. Na kwa asiyeridhika na hilo, filamu ya El Camino ya 2019 inaanzia palepale Jesse alipotoroka, na redio humo inatangaza habari za kifo cha Walter na mwanamke mmoja aliye mahututi kwa sumu.

Ile nadharia nyingine, kwamba Walter huchukua tabia za aliowaua, ninaipenda. Gus anatandika taulo chini ya magoti kabla ya kutapika, na Walter anafanya vilevile kwenye "Blood Money". Gus aliendesha Volvo. Walter anarudi na Volvo. Inaeleza tabia vizuri sana, ila haibashiri tukio lolote, kwa hiyo iweke ukurasa wake peke yake.

Jambo moja kuhusu nakala. Ukiangalia zile za kutafsiriwa, msimulizi anaongea juu ya ukimya, na Breaking Bad inaficha mengi kwenye ukimya: kengele ya Hector, mzee asiyeweza kuongea, na bastola inayozunguka mezani. Baadhi zimekatwa hata kipande cha mwanzo. Ukishaburudika na ya kutafsiriwa, rudia ya asili yenye maandishi chini kwa ajili ya daftari, na usiruke kile kipande cha "yaliyopita", maana wanaokihariri huwa wanakukumbusha kitu ambacho kitahitajika ndani ya saa hiyo hiyo.

Mleta uzi, kwa kuwa unasema unaelekea Better Call Saul, tamthilia nyingine inayomhusu Saul, fungua daftari kwa kizibo cha chupa ya tekila ya Zafiro Añejo. Kinaonekana msimu wa 2, sehemu ya 1, na tekila yenyewe unaijua: ndiyo Gus aliyompelekea Don Eladio, bosi wa genge la dawa za kulevya la Mexico. Andika nani anacho na kwa nini amekitunza, kisha usifute mstari huo mpaka utakapofika dakika za mwanzo za msimu wa 6.